Chipu Isiyooshwa

Tangazo lile aliliandika Thea Nitschke mwenyewe. Profesa Lachlan Treloar alimkuta koridoni, kikombe cha kahawa mkono mmoja, simu mkono wa pili, akamwambia, "Dada Thea, niandikie tangazo. Nafasi mbili za wanafunzi wa uzamivu, na moja ya mtafiti aliyekwishahitimu. Mikondo midogo, chembe nano, mambo yetu yale yale. Lakini liwe na mvuto, eh?" Akaenda zake. Profesa Treloar hakuwa mtu wa kusubiri jibu.

Thea akakaa, akaandika. Nafasi ile ya mtafiti ilikuwa yake. Alikuwa ameikalia mwaka baada ya mwaka kwa mikataba mifupi kama mkia wa mbuzi, na mkataba wa mwisho ulikuwa unakata roho mwisho wa Februari. Sheria ya chuo ilisema nafasi ikifufuliwa lazima itangazwe dunia nzima, waitakao waje washindane. Basi mwanamke mtu mzima, mwenye udaktari wake na mvi zake, alikaa akaorodhesha sifa za mtu atakayekuja kumtoa. Awe na ari. Awe mbunifu. Apende kufanya kazi na wenzake. Hata kondoo wa Barossa, huko alikozaliwa, hawajafikia hatua ya kunoa kisu chao wenyewe.

Juu kabisa aliandika neno FURSA, maana katika vyuo vile kila kitu kisichokuwa na uhakika wa kesho huitwa fursa.

Maabara ya Treloar ilikuwa na sifa moja tu, nayo ilitosha kumnenepesha mwenyewe. Ilikuwa chipu. Si chipu ya simu. Hii ni kipande cha mpira wa silikoni, angavu kama kioo, kipana kama biskuti. Silikoni humiminwa ikiwa nzito kama asali, imechanganywa na kigumishi, ikaokwa kwenye oveni hadi ikaze, na ndani yake hubaki mifereji myembamba kuliko unywele. Upande mmoja unasukuma kwa bomba la sindano maji yenye chumvi ya dhahabu, ya manjano kama mkojo wa mtu asiyekunywa maji. Upande wa pili yanatoka mekundu kama divai. Wekundu ule ndio dhahabu yenyewe, imegeuka chembe ndogo mno, zinazotafutwa na watu wa hospitali, watu wa viwanda na watu wa machimbo.

Wengine wote duniani, ili wapate wekundu ule, hutia dawa. Treloar alitangaza kwamba yeye hatii kitu. Ni mikunjo ya mifereji yake tu, ni mwendo wa maji peke yake unaoizaa dhahabu. Akaupa jina: nguvu ya mkondo. Akapewa medali kwa jina hilo. Akapigwa picha ameinua kichupa chekundu dhidi ya dirisha, anakitazama kwa huruma kama baba wa mtoto, na wakati huo alikuwa na miaka mingi hajagusa bomba la sindano.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu hata tembo hakugema, aligemewa.

Sasa, mwaka juzi Thea aliiosha chipu. Hakuwa na nia mbaya. Alizaliwa katika nyumba ya watu wa divai, na baba yake, mzee Otto, alikuwa haruhusu zabibu hata moja iingie kwenye pipa asiloingiza pua yake mwenyewe kulinusa. "Pipa chafu," alikuwa akisema, "halitengenezi divai. Linauza uchafu wake." Kwa hiyo Thea aliichukua chipu, akailoweka kwenye dawa inayofyonza mabaki ya kigumishi kutoka ndani ya mpira, akaikausha, akaiendesha. Maji yaliingia manjano, yakatoka manjano. Akatengeneza nyingine, akaiosha vilevile: manjano. Akachukua ambayo haijaoshwa: nyekundu, tena nyekundu ya kujigamba.

Mtu yeyote mwenye akili ya kuchemsha chai angeelewa. Mikunjo haikuzaa kitu. Kilichozaa dhahabu ni kigumishi kilichobaki ndani ya mpira bila kukauka, kikivuja kidogo kidogo ndani ya mifereji. Treloar alikuwa anatia dawa kama wengine wote, ila yeye alikuwa hajui kwamba anatia.

Thea akaenda kumwambia. Alimkuta anakula sambusa kubwa ya nyama na viazi, ile iliyoletwa na Wakorni, wachimba migodi wa zamani, makombo yamejaa kwenye fulana. Akamweleza taratibu, mwanzo hadi mwisho. Treloar akatafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Basi usiioshe," akasema.

Kesho yake juu ya sinki la maabara palibandikwa kibandiko: CHIPU HAZIOSHWI.

Na Thea alifanya nini? Alinuna. Akanuna, akakaa, akaendelea kutengeneza chipu chafu na kusaini jina lake chini ya majina ya wengine. Tusimpambe. Dharau aliyokuwa nayo kwa Treloar ingejaza pipa, lakini dharau isiyofanya kazi ni kama mbwa anayebweka akiwa amefungwa.

Tangazo likatoka. Nafasi za uzamivu zilipata wenyewe mapema, vijana wawili wenye alama nzuri, kuanza mwisho wa mwezi. Ile ya mtafiti waliiomba watu kutoka kila pembe, wakachujwa kwenye skrini mmoja mmoja, na wakabaki wawili: Thea, na Daktari Fergus Delahunty wa Melbourne.

Vyuo vya huko vina ukatili wao wenye adabu. Mwombaji wa nyumbani ndiye humpokea mwombaji wa ugenini. Humtembeza, humwonyesha vifaa, humlisha chakula cha mchana, na hutabasamu. Na watu wa Adelaide, mji wa chuo chenyewe, wana jambo na watu wa Melbourne. Ukiwauliza watakwambia hawana, wataendelea kukwambia hivyo mpaka jua litue.

Fergus alikuja na viatu vyenye ncha na shati lililopigwa pasi, siku ambayo upepo wa kaskazini ulikuwa unakausha hata mate mdomoni. Thea alimpeleka sokoni, wakakaa kwenye kivuli na sahani za soseji na kabichi chachu.

"Kahawa yenu si mbaya," Fergus akasema, akionja kama mtu anayeonja dawa ya kikohozi. "Nilidhani itakuwa mbaya zaidi."

"Asante. Tutawaambia waliopanda mti wake."

"Usikasirike, dada. Hivi, jioni mnafanya nini huku?"

"Tunaulizana tulisoma shule gani ya sekondari. Ukimaliza kujibu, umeshazeeka."

Fergus akacheka, kicheko cha kweli, na Thea akamchukia zaidi, kwa kuwa adui anayecheka vizuri ni taabu kumdharau.

"Nikuambie siri?" Fergus akasema, akisogeza sahani. "Chipu yenu ile. Kwetu tumejaribu kuirudia. Mwaka mzima. Vijana wangu wawili wamelia, mmoja ameacha kabisa, siku hizi anauza baiskeli. Manjano inaingia, manjano inatoka. Nikasema, sisi ndio wabovu. Ndiyo maana nimeomba kuja. Nataka kuona kwa macho yangu mnavyofanya."

"Utaona," Thea akasema, akaangalia kabichi.

Sasa, Treloar alikuwa na mtihani wake, aliouvumbua siku alipochoka kusoma barua za sifa. Kila mwombaji atengeneze chipu yake kwa mkono wake, kuanzia kumimina hadi kuunganisha na kioo, kisha aje aiendeshe mbele ya watu kwenye chai ya saa nne. "Mimi nataka mikono," alikuwa akisema, yeye ambaye mikono yake ilibaki kushika kahawa na simu. Safari hii chai ilikuwa na wageni: watu wa kampuni ya machimbo iliyokuwa inafikiria kuilea maabara.

Fergus alimimina silikoni yake siku ile ile. Thea, asiyependa kumtazama lakini akimtazama, aliona kwamba mtu yule anajua kazi. Alitoa mapovu yote bila haraka. Alitoboa matundu mara moja, bila kupapasa. Na mpira ulipokaza, kesho yake asubuhi, alichukua bakuli la kioo, akalijaza dawa ya kufyonza mabaki, akaitumbukiza chipu yake. Ndipo akainua macho akaona kibandiko.

"Chipu hazioshwi?" akasoma. "Huu ni mzaha?"

Thea alikuwa na chipu yake mkononi. Haikuoshwa. Ilikuwa tayari. Kesho saa nne ingetoka nyekundu, na ya huyu bwana ingetoka manjano mbele ya Profesa, mbele ya watu wa machimbo, na nafasi ingebaki kwa mwenyewe. Hakuhitaji kusema uongo wala kufanya hila yoyote. Alihitaji kunyamaza tu, kazi aliyokwishaizoea.

"Profesa anapenda mizaha," akasema.

"Adelaide, bwana!" Fergus akatikisa kichwa. "Kwetu tunaosha kabla hata hatujaambiwa. Mama yangu angenitoa roho. Mtu ataendeshaje kitu asichokiosha? Utajuaje unachopima ni kile unachokipima, si taka zako mwenyewe?"

Alisema hivyo bila kumsema mtu. Akaweka mfuniko juu ya bakuli, akaenda kutafuta kahawa nyingine ya kuidharau.

Thea alibaki mbele ya sinki. Mtu asije akamsingizia wema. Kilichomsukuma hakikuwa huruma kwa Fergus, wala kwa yule kijana aliyeishia kuuza baiskeli, wala mapenzi ya sayansi, neno ambalo alikuwa amelisikia kwenye hotuba mpaka likawa halina ladha. Kilichomsukuma kilikuwa dharau, ile ile ya siku zote, ila safari hii iligeuka ikamtazama yeye. Mtu wa Melbourne, mwenye viatu vyenye ncha, amesimama kwenye sinki lake, akamfundisha binti wa Otto Nitschke habari ya kuosha. Tena yu sahihi! Angeweza kuvumilia kufukuzwa. Angeweza kuvumilia Treloar. Lakini kuwa mchafu kuliko mtu wa Melbourne, hapana. Hilo ukoo mzima ungetoka kaburini kulikataa.

"Shenzi," akasema, na hakuna aliyekuwepo wa kujua anamtukana nani.

Akafunua bakuli, akaitumbukiza chipu yake kando ya ile ya Fergus.

Chai ya saa nne ilihudhuriwa vizuri, kwa sababu kulikuwa na keki za chura, zile za kijani zenye macho na mdomo uliofunguka. Keki ikiwepo, elimu hupata wapenzi. Watu wa machimbo walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Bi Glenys Pascoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea kando ya mashine. Treloar aliwakaribisha kwa hotuba. Alizungumza juu ya mustakabali. Alizungumza juu ya nguvu ya mkondo. Alitaja medali kwa namna ya mtu aliyeteleza ulimi, kisha akateleza tena.

Fergus akaanza. Alibana chipu yake chini ya taa, akaunganisha mipira myembamba ya maji, akasukuma bomba. Picha ilitupwa ukutani watu wote waone. Manjano ikaingia, ikapita mikunjo yote kwa utaratibu mzuri. Ikatoka manjano.

Fergus akasubiri. Akapunguza mwendo. Akauongeza. Masikio yakamwiva mekundu, na huo ndio wekundu pekee ulioonekana.

"Si neno, si neno," Treloar akasema kwa ukarimu mkubwa, akimpigapiga mgongoni. "Mgeni lazima ashikwe na woga. Sasa mtaona mkono wa nyumbani. Thea, mama, waonyeshe."

Thea akabana yake. Akasukuma. Watu wakaacha kutafuna.

Manjano.

Kimya kilichofuata kilikuwa kimya cha pesa inayofikiria kuondoka. Bi Glenys akainua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga. "Profesa," akasema, "mimi nimechimba dhahabu tangu nikiwa msichana. Ya kwetu angalau hubadilisha rangi ya uso wa mtu."

Kicheko kikapita chumbani. Treloar akamsogelea Thea, meno yote nje, sauti chini. "Umefanya nini?"

Thea hakushusha sauti yake. "Nimeiosha, Lachlan."

"Thea..."

"Nimeiosha, na yeye ameiosha yake. Chipu ikioshwa, dhahabu haitoki. Inayotoa dhahabu si mikunjo yako, ni kigumishi kinachobaki ndani ya mpira. Nilikwambia mwaka juzi. Ulikuwa unakula."

Ungedhani mbingu itaanguka. Wapi! Treloar alicheka, kicheko kipana, cha kuwashirikisha wote. "Mnaona? Mnaona jinsi tunavyojadiliana hapa? Maabara yangu ni maabara ya mjadala!" Akaenda kwenye droo, akatoa chipu ya zamani, yenye alama za vidole. Akababaika katika kuunganisha mipira, maana hakuwa akijua tena ipi huingia wapi, na Fergus, kwa mazoea tu ya mtu mwenye adabu, akamsaidia. Manjano ikaingia. Ikatoka nyekundu, nzuri, kama divai ya mzee Otto mwenyewe.

Watu wakapiga makofi. Baadhi yao walikuwa madaktari wa sayansi, walikuwa wamesikia kila neno alilosema Thea, na walipiga makofi huku wameshika keki. Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu. Mbuzi hajifanyi ameelewa.

"Na sasa, iliyooshwa na isiyooshwa," Bi Glenys akauliza, "tofauti yake hasa ni nini?"

"Ufundi, Bi Glenys," Treloar akasema. "Ufundi tu."

Bi Glenys akamtazama Treloar, akamtazama Thea, akang'ata kichwa cha chura. Huenda alielewa. Lakini alikuja kununua wekundu, na wekundu alikuwa ameuona.

Nafasi alipewa Fergus. Treloar alimwita Thea ofisini kumweleza, na hakukosa maneno. "Mikono unayo, dada, sikatai. Bora kuliko wote. Ila moyo wa timu huna."

"Moyo wa timu ndio ule wa kutoosha chipu?"

"Umeona sasa? Ndiyo hayo ninayosema."

Fergus alimkuta anapanga vitu vyake kwenye sanduku. Alisimama kwanza, akashika shingo yake mwenyewe.

"Ulijua," akasema. "Pale kwenye sinki. Ulijua mimi nitaaibika."

"Nilijua."

"Ungeniacha?"

"Nilikuwa nimeshakuacha. Ulipoongea ndipo ukaharibu."

Fergus hakujua acheke au akasirike. "Basi vijana wangu wale. Yule wa baiskeli."

"Hakuwa mbovu. Alikuwa msafi tu. Mpigie simu."

"Nitampigia." Akalitazama sanduku. "Nimekubali kazi, Thea."

"Nimesikia."

"Nina watoto wawili, na mkataba wangu Melbourne unakufa Juni. Ungefanya nini? Kazi ni kazi."

"Ndivyo nilivyokuwa nasema mimi," Thea akasema. "Neno kwa neno. Karibu kwenye kiti, bado kina joto."

Yeye alikuwa anarudi Barossa. Mavuno yalikwishaanza, kaka yake alikuwa na mapipa ya kuoshwa kuliko mikono ya kuyaosha, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chuo kikuu, kazi ile haikumtia haya alipoitaja. Baada ya mavuno, hakujua. Hakuna aliyemwandikia fursa.

Siku yake ya mwisho, Treloar alichungulia mlangoni, kahawa mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Thea, kabla hujaondoka, hebu wazungushe hawa vijana wapya. Wa uzamivu. Hakuna anayeijua maabara kama wewe." Akaenda zake.

Wale vijana walikuwa wasichana wawili, Tuyet na Bronte, wamevaa makoti meupe yenye mikunjo ya dukani. Macho yao yalikuwa na ule mng'ao ambao vyuo huutumia kama kuni.

"Tulisoma tangazo," Bronte akasema. "Lilikuwa zuri mno! Mtu ungetamani uanze siku hiyo hiyo."

"Aliyeandika alijitahidi," Thea akasema.

Akawapitisha kwenye oveni, hakusimama. Akawapitisha kwenye hadubini ya bei mbaya, hakusimama. Picha ya Profesa na kichupa chake waliipita kama watu wanaopita chooni. Akawafikisha kwenye sinki, akashusha bakuli la kioo, akafungua dawa, akavuta koleo.

"Mengine yote mtafundishwa na wengine," akasema. "Mimi nawafundisha hili. Chipu ikitoka kwenye oveni, humu kwanza. Mfuniko. Muwe na subira. Halafu mnaikausha, ndipo mnaipima. Kila chipu. Mkipata wekundu baada ya hapo, huo ni wenu, hata Mungu hatawanyang'anya. Msipoupata, andikeni kwamba hamkuupata."

Tuyet alikuwa anatazama juu ya sinki. "Sasa dada Thea, mbona hiki kibandiko kinasema hazioshwi?"

"Kinamhusu aliyekibandika."

Nyuma yao sakafu ililia kwa viatu vyenye ncha. Fergus alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Alilitazama bakuli, akakitazama kibandiko, akamtazama Thea. Sasa ilikuwa maabara ya Fergus kuliko ya Thea. Neno moja lingetosha, na wasichana wangefunika dawa.

Akanywa kahawa yake. Akakunja uso kwa jinsi ilivyokuwa mbaya. Akaondoka bila kusema kitu.

Kwa mtu wa Melbourne, Thea akawaza, si haba. Akampa Tuyet koleo.

"Haya," akasema. "Anza wewe."